Wiki Niliyonunua Maziwa ya Kopo

Jumamosi jioni, mwishoni mwa Februari. Nkuhungu.

Mvua imenyesha tangu mchana na sasa imekata. Uwanja wote ni tope, na mwanangu Sauda anaruka kwenye madimbwi amevaa ndala za baba yake. Sina nguvu ya kumkataza. Nimekaa barazani, kompyuta mapajani, na sijabadilisha nguo tangu nirudi kutoka Zuzu. Tope limeanza kukauka kwenye pindo la gauni.

Nina aibu. Naliandika hilo kwanza nisije nikalizunguka.

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu ni kupima mionzi katika mazingira. Nimewahi kuandika kwamba ni kazi ya kuchosha. Tunachota udongo, maji, majani na vumbi la hewani, tunapima, tunakuta yale yale tuliyoyakuta mwaka jana. Ardhi yetu ya Dodoma ina mionzi yake ya asili, kidogo, na watu wamezaliwa na kuzeeka juu yake bila neno. Mama yangu kule Busi akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, hujibu kwamba anapima upepo. Nimeacha kumsahihisha.

Mapema mwezi huu mambo yalibadilika. Katika nchi jirani, kiwanda cha kuyeyusha chuma chakavu kilitia kwenye tanuru, bila kujua, kifaa chenye mionzi ambacho mtu alikitupa pamoja na vyuma vingine. Moshi ukatoka mpaka walipogundua. Tangazo lilipotufikia, upepo ulikuwa umeshafanya kazi yake, na msimu huu upepo unatoka huko kuja kwetu.

Ni mbali. Moshi wa namna ile hupungua sana njiani, na hesabu zetu zilionyesha kwamba kama kuna kitu kitatufikia, kitakuwa kidogo mno. Lakini hesabu ni hesabu. Ilibidi tupime.

Mkuu wangu wa kazi aligawa maeneo. Mimi nikapata Zuzu na vitongoji vya upande ule wa reli: majani, maji ya malambo, na maziwa. Maziwa tunayatazama kwa makini kuliko vyote, kwa sababu ng'ombe hutembea anakula majani ya eneo kubwa, na kilichodondoka kwenye majani hukusanyika kwenye maziwa kabla watu hawajakiona kwingine.

Zuzu ndiko anakotoka Mama Ndahani. Ndiye anayetuletea maziwa mtaani kwetu, miaka sasa, tangu Sauda hajazaliwa. Ni mama wa makamo, Mgogo, mrefu, ana sauti nzito inayosikika kabla bodaboda anayokuja nayo haijazima. Hugonga geti kwa mfuniko wa dumu. Sauda alipoanza kutembea alikuwa anamkimbilia yeye kabla ya kunikimbilia mimi.

Siku moja kabla ya kwenda Zuzu ilinyesha mvua kubwa, na chombo cha kupimia mionzi kilichoko juu ya paa la ofisi kikapanda, yaani namba zake ziliongezeka.

Kilipanda kidogo tu. Na sababu naijua vizuri: mvua hushusha mionzi ya asili iliyomo hewani, chombo kinapanda, baada ya saa chache kinarudi kilipokuwa. Nimeliona hilo kila msimu wa mvua. Nimewafundisha vijana wanaokuja kwa mafunzo, nikawacheka walipokuwa wanashtuka. Siku ile, nilipokuwa nafunga mlango wa ofisi, chombo kilikuwa kinashuka vizuri. Bado hakijafika kilipoanzia, lakini kinashuka.

Nikafika nyumbani. Nikafungua friji nikaona sufuria la maziwa. Sauda yuko nyuma yangu ananyoosha kikombe chake.

Nikayamwaga.

Niliyamwaga kwenye sinki nikafungulia maji mengi, kana kwamba kuna mtu anayenitazama. Msichana anayenisaidia kazi, Anjela, aliuliza kama yamechacha. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaingia chumbani nikapiga simu. Nilimpigia mama yangu, nikamwambia kwa siku hizi chache asinywe maziwa wala maji ya mvua, na asiseme kwa watu. Nikampigia Baba Sauda, ambaye anafundisha Mvumi na huja mwisho wa wiki, nikamwambia anywe chai ya rangi. Nikampigia dada yangu. Wote waliniuliza kama kuna hatari. Wote niliwajibu kwamba hakuna, ni tahadhari tu.

Neno tahadhari ni zuri. Nililitumia kwa watu wangu na sikulitumia tena.

Kesho yake tukaenda Zuzu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amewakusanya watu mbele ya ofisi yake, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwaeleza tumefuata nini. Maneno tulikuwa tumepewa. Nilisimama na kizibao changu cha kazi, kile cha rangi ya machungwa chenye neno MIONZI mgongoni, nikasema tunafanya vipimo vya kawaida, hakuna sababu ya hofu, endeleeni kula na kunywa kama siku zote. Mzee mmoja akauliza hata maziwa? Nikasema hata maziwa. Nilitabasamu pia. Nakumbuka nilitabasamu.

Baadaye nikaingia zizini kwa Mama Ndahani kuchukua sampuli. Alifurahi kuniona kwake, kwa sababu siku zote yeye ndiye anayekuja kwangu. Alikamua mwenyewe moja kwa moja kwenye chupa zetu, huku akiwasema ng'ombe wake kwa Kigogo. Binti yake Suzana alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ana mimba kubwa ya kwanza, anachambua mlenda. Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Vijana wangu walikuwa wanakata majani kule nje.

Mama Ndahani alinikabidhi chupa ya mwisho, akaniuliza kama yako sawa.

Nikamwambia yako sawa.

Wakati wa kurudi nilimwomba dereva apitie mjini, kwenye duka la jumla la familia moja ya Kihindi ambako huwa nanunua mchele na sabuni. Nikachukua makopo ya maziwa ya unga, mengi kuliko mtoto mmoja anavyohitaji. Mwenye duka, mzee mpole anayewajua wateja wake wote, aliniuliza kama nina sherehe. Nikacheka nikasema mtoto amebadilisha ladha. Nyuma yangu kulikuwa na wateja wamepanga foleni.

Sikuwa nimevua kizibao.

Picha ilinifikia jioni ile ile kwenye kundi la mtaa wetu. Ni mgongo wangu, neno lile kubwa katikati, na mikono yangu imekumbatia makopo. Uso hauonekani. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Hata wenyewe wa mionzi wananunua ya kopo." Ikazunguka. Ilirudi kwangu kutoka kwa watu wasionifahamu kabisa, wakinionya nisinywe maziwa.

Baba Sauda naye ilimfikia Mvumi. Alinipigia, akaniuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Hakusema zaidi. Ningependa angesema zaidi.

Baada ya hapo hakuna aliyenunua maziwa ya Zuzu. Nyumba baada ya nyumba katika mtaa wetu walimwambia Mama Ndahani wana maziwa, au wamesafiri, au mtoto anaharisha. Mara ya mwisho alipokuja nilimsikia kule nje akigonga geti la jirani, kisha la mwingine. Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya pazia. Alipogonga letu, Anjela akanitazama. Nikamfanyia ishara kwa mkono.

Anjela alitoka akamwambia mama hayupo.

Kulikuwa na viatu vyangu mlangoni.

Siku zilizofuata hakuja tena. Mimi niliendelea na kazi, nikingoja majibu ya maabara kuu ambako sampuli zilipelekwa. Watu ofisini walilizungumzia suala la picha chini chini. Mkuu alitoa taarifa fupi kwamba vipimo vinaendelea na wananchi wasisikilize uvumi. Hakuniuliza kama ni mimi. Nadhani hakutaka kujua.

Jana majibu yakaja. Maziwa ni mazima. Majani ni mazima, maji ni mazima, vumbi la hewani halina kitu kigeni. Kilichoonekana ni mionzi yetu ile ile ya asili. Moshi wa jirani, kama ulifika, ulifika ukiwa umekwisha.

Wenzangu walipeana mikono. Mimi nilikwenda chooni nikalia, na ukweli ni kwamba sikulia kwa furaha. Ningekuwa nimejiamini mwenyewe, hayo yote yasingetokea. Nilichokijua kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilikiona kinawatosha watu wa Zuzu, lakini hakikunitosha mimi.

Leo asubuhi nimerudi Zuzu kutangaza majibu. Nikamwomba dereva anishushe kwa Mama Ndahani kwanza, mkutano haujaanza. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa nakwenda kumwomba radhi kwa biashara yake. Hilo ndilo nililodhani ni kosa langu.

Nilimkuta nje ya zizi. Ndama walikuwa wananyonya wanavyotaka, na madumu yake yalikuwa yameoshwa, yamepinduliwa juu ya uzio. Nikamwamkia shikamoo. Alichelewa kuitikia.

"Marahaba. Karibu, mama wa mionzi."

Siku zote huniita Mama Sauda.

Nikampa majibu nikiwa bado nimesimama. Nikamweleza kwamba maziwa yake hayana kitu, hayakuwa na kitu tangu siku ya kwanza. Nikamweleza habari ya picha, kwamba ni mimi. Akasema anajua, mgongo wangu anaujua. Nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi, jinsi nilivyomharibia wateja, jinsi nitakavyopita mlango kwa mlango mtaani kuwaambia ukweli. Aliniacha nimalize. Alikuwa anamtazama ndama.

Kisha akaniuliza, "Haya majibu umeyapata lini?"

"Jana, mama."

"Kwa hiyo siku ile uliposimama pale kwa mwenyekiti, ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa unaogopa?"

Nilitaka kumweleza habari ya mvua na chombo cha juu ya paa. Nikaona aibu ya kujificha tena. Nikasema ndiyo, nilikuwa naogopa.

Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imeshapita siku nyingine, mimi sipo.

"Mimi sikuogopa," akasema. "Watu wa mjini walipoyakataa nilirudi nayo hapa. Nikaona yasimwagike bure. Nikawapa wanangu. Suzana nilimpa kikombe kikubwa asubuhi, kikombe kikubwa jioni. Akasema mama, watu wanasema hivi na hivi. Nikamwambia kunywa mwanangu, yule mama amesoma, na anatufahamu. Kungekuwa na neno angetuambia."

Sikuwa na pa kutazama.

"Ile picha tuliiona baadaye," akaendelea. "Kijana wa bodaboda ndiye aliyetuonyesha. Suzana ameshakunywa. Tangu hapo halali. Na mimi silali, namtazama."

Nikamwambia tena kwamba yalikuwa mazima. Nilisema haraka, kama mtu anayefunika kitu.

"Nimesikia ni mazima. Mungu ametusaidia. Lakini wewe ulikuwa hujui." Akachukua dumu moja juu ya uzio, akalitazama ndani, akalirudisha. "Tulikuwa mimi na wewe mle zizini. Ungeniita pembeni tu. Ungesema Mama Ndahani, hebu subirini kidogo. Mimi ningekuuliza kitu gani? Ningesubiri."

Nimeyafikiria maneno hayo siku nzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyepoteza wateja. Sikujiandaa kwa mama ambaye nilimwacha amnyweshe mwanawe kitu nilichokuwa nimemwaga kwenye sinki langu.

Niliwachagua watu wangu kwenye simu. Yeye, anayemjua mtoto wangu tangu tumboni, hakuwa kwenye watu wangu. Sikumsahau, nilisimama naye uso kwa uso nikiwa nimebeba chupa za maziwa yake.

Kwenye mkutano nilisoma majibu kama nilivyotumwa. Watu walipiga makofi kidogo. Mwenyekiti akataka kufunga, nikamwomba dakika moja. Nikasema picha ile ni yangu. Nikasema wiki ile niliwaambia mnywe wakati mtoto wangu nimemzuia, na kwamba sikuwa na majibu yoyote mkononi siku ile, nilikuwa na maneno niliyopewa. Nikasema nisameheni.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mzee yule aliyeuliza habari ya maziwa akasimama, akauliza likitokea jingine wamsikilize nani. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayehitaji jibu kweli. Nikasema nitawaambia ninachojua na nisichokijua. Akakaa. Hakusema kama amekubali.

Watu walipotawanyika Suzana alinifuata kwenye gari. Anatembea kwa shida sasa, mkono kiunoni. Aliniamkia kwa adabu, akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto hana kitu.

Nikamshika mkono nikamwambia, "Yale maziwa hayakuwa na kitu chochote. Tumeyapima."

"Siku ile pia ulisema yako sawa," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Aliuvuta mkono wake taratibu, akaniaga, akarudi kwao.

Ndiyo hivyo. Mara ya kwanza sikujua na nikaaminiwa. Leo najua, nina majibu ya maabara, ninasema kweli kabisa, na msichana mwenye mimba amekwenda kulala na hofu ambayo mimi ndiye niliyemtia na mimi ndiye ninayeshindwa kuitoa.

Nilipofika nyumbani nilipita kwa majirani, nikawaambia maziwa ya Zuzu ni mazima na kwamba niliwatisha bila sababu. Mmoja alisema atafikiria. Mwingine alisema mtoto wake ameshazoea ya kopo. Mama Ndahani mwenyewe aliniambia nikiondoka kwamba huku kwetu hatakuja tena. Amepata mtu wa kumuuzia upande wa stesheni. Alisema mji ni mkubwa, nitapata mwingine wa kuniletea. Sikumbembeleza. Haki hiyo anayo.

Sauda amemuulizia tangu wiki iliyopita. Leo nimemwambia amehama njia, na hata hilo, nikiliangalia vizuri, ni uongo mwingine mdogo. Nitamwambia vizuri kesho, kwa kiasi anachoweza kuelewa.

Mkuu amepiga simu nusu saa iliyopita. Mtu ameshamfikishia habari ya mkutano. Anasema nimeibomoa ofisi kwa mdomo wangu, kwamba tulikuwa na majibu mazuri na mimi nikaenda kuyachafua, na Jumatatu nifike kwake asubuhi na maelezo. Sikubishana. Nitakwenda. Nitamwambia kwamba siku tunayokwenda kuchota sampuli tuwe na ujasiri wa kusema bado hatujui, na tuwaambie watu sisi wenyewe majumbani mwetu tumefanya nini. Labda atanihamisha, labda atanisikiliza. Simjui kiasi hicho.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna kesho, na kesho nitakwenda Zuzu kwa miguu yangu, bila gari la ofisi. Nitakaa na Suzana, akiniruhusu, nimweleze polepole tulipima nini, tulipimaje, na kwa nini chombo kile kilipanda siku ya mvua. Akikataa nitarudi Jumapili nyingine. Anatarajia kujifungua mwezi wa nne. Nitakuwa naenda mpaka hapo, na mtoto atazaliwa mzima.

Hapana. Hilo silijui.

Ninachojua ni kwamba maziwa hayakuwa na kitu. Hilo ndilo nitakalomwambia, na nitaishia hapo.